Kuamsha Bodi Iliyolala: Somo kwa Vikundi Vyenye Vipimo vya Maji



Somo la safari hii lina ufundi ndani yake, na tunajua wengine watasema hayo ni ya vijana wa kompyuta. Tafadhali someni hadi mwisho, hata mama anayetunza ufunguo wa tangi. Jambo lenyewe lilianzia kwake.

Kikundi kimoja cha maji upande huu wetu wa Mweiga kilikuwa na kipimo kwenye tangi. Mnajua Kieni si Othaya. Tuko katikati ya Nyandarua na Mlima Kenya, na mvua nyingi inatupita. Katika ukame wa 2020 hadi 2022 maji ya mfereji yalikuwa ya zamu, na zamu ikivurugika, jirani hasalimiani na jirani. Kipimo kilikuwa sanduku dogo lenye bodi ya kompyuta, betri, sola na laini ya simu. Kila saa kilipima kina cha maji na kutuma ujumbe kwa mama mtunza tangi. Akiwa nyumbani kwake alijua ni saa ngapi afungulie laini ya chini.

Mwezi wa Septemba 2022 kulikuwa na mawingu siku kadhaa na betri ikawa dhaifu. Usiku mmoja, yule aliyetuuzia sanduku alituma programu mpya kupitia mtandao. Katikati ya kazi hiyo betri ikaisha. Asubuhi jua lilitoka, betri ikajaa, lakini sanduku likanyamaza. Mama akaanza tena kupanda hadi kwenye tangi gizani. Wa laini ya juu wakajifungulia, wa chini wakakosa, na mkutano wa Jumapili ukawa wa makelele.

Muuzaji alisema bodi imekufa, iletwe Nairobi, itabadilishwa. Bei yake ilizidi michango yetu ya miezi mitatu. Mwenyekiti alitaka turudie kijiti chenye alama, na kusema kweli kijiti hakina ubaya wowote, hakihitaji betri. Lakini cucu mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Hiyo mashine imekufa, ama imelala?" Kijana wetu mmoja, anayesoma chuo, akamjibu, "Cucu, nadhani haijafa. Imesahau jinsi ya kuamka."

Ndivyo tulivyoanza.

Jinsi bodi inavyoamka

Fikirini mtu anayewasha moto asubuhi hapa Mweiga, na kuni zina umande. Huwezi kushika njiti moja ya kiberiti ukaiweka chini ya gogo. Njiti itazima. Unawasha kwanza vijiti vidogo vikavu, vijiti viwashe kuni za kati, kuni ziwashe gogo. Bodi ya kompyuta ndogo inaamka hivyo hivyo.

Bodi yetu ilikuwa BeagleBone Black, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2013 na michoro yake iko wazi kwa kila mtu. Ndani ya chipu yake kuna programu fupi sana iliyochomwa kiwandani, ambayo hakuna anayeweza kuibadilisha. Hiyo ndiyo njiti ya kiberiti. Stima ikiingia, programu hiyo haijui kutumia memori kubwa ya bodi, ile ya megabaiti 512, kwa sababu bado haijatayarishwa. Inajua memori ndogo tu iliyo ndani ya chipu yenyewe, na humo inaweza kupakia programu isiyozidi kilobaiti 109. Basi inatafuta programu ndogo ya kuingia humo. Hicho ndicho kianzishi cha pili, na faili lake linaitwa MLO. Ndivyo vijiti vyetu vikavu. Kazi yake kubwa ni moja: kutayarisha memori kubwa, kisha kuita mwenzake mkubwa.

Mwenzake mkubwa ni U-Boot, faili la u-boot.img. Huyu ana nafasi na anajua mengi: kusoma kadi, kuongea na fundi, kuchagua lipi lifuatwe. Ni yeye anayeamsha Linux, na Linux ndiyo inayoendesha kipimo cha maji. Mafundi huita vianzishi hivi butiloda. U-Boot ilianzishwa na Mjerumani Wolfgang Denk, na jina hilo lilianza kutumika mwaka 2002. Kwa Kijerumani maana yake ni nyambizi. Waandishi wa programu wana utani wao.

Sasa mnaona yaliyotupata. Betri ilikatika wakati MLO mpya ikiandikwa juu ya ile ya zamani. Gogo lilikuwa zima, kuni zilikuwa zima, Linux yote na hesabu zetu za maji zilikuwa salama ndani. Vijiti tu havikuwepo. Na kwa sababu ya vijiti tuliambiwa tununue jiko jipya.

Kusikiliza kabla ya kutibu

Kijana wetu hakuwa amewahi kufanya kazi hii. Lakini Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko hapo barabarani kati yetu na mji wa Nyeri. Wazee watakumbuka kilianza mwaka 1972 kama Kimathi Institute, kazi ya harambee, kikawa chuo kikuu kamili Desemba 2012. Watafiti wake wamewahi kuweka vipimo vya kina cha maji kwenye mto Muringato, kwa hiyo vyombo vya namna hii si vigeni pale. Alikwenda akauliza, akarudi na laptopu ya kuazima na kebo moja.

Kebo hiyo ndiyo muhimu kuliko yote. Upande mmoja ni USB, upande wa pili ni nyuzi za kuchomeka kwenye pini sita za bodi zinazoitwa J1. Uzi wa ardhi unaingia pini ya 1. Pini ya 4 ndipo bodi inaposikia na pini ya 5 ndipo inapozungumza, kwa hiyo uzi wa kusema wa kebo unaingia 4 na wa kusikia unaingia 5. Watu wengi hukosea hapo, wakaona skrini tupu na kulaumu bodi. Kebo iwe ya volti 3.3. Kuna zingine sokoni za volti 5, na hizo zinaweza kuua bodi ambayo ilikuwa imelala tu. Kwenye laptopu unafungua programu ya kusikiliza, kama minicom, na kuweka mwendo wa 115200.

Tukawasha. Taa ya stima ikawaka, zile taa nne za kazi hazikuwaka hata moja. Kisha kwenye skrini ikaanza kutokea herufi moja, pole pole: C, C, C, C.

Mama mtunza tangi akasema, "Inalia." Hakukosea sana. Programu ya kiwandani ilikuwa imetafuta kianzishi cha pili kwenye memori ya ndani ikakosa, ikatafuta kwenye kadi ikakosa, sasa ilikuwa inaomba mtu yeyote aliye kwenye waya aipe. Bodi iliyokufa kweli haiombi kitu.

Ujifunze kusoma dalili hizi, maana zinaonyesha ni hatua gani imekatika. Ukiona C mfululizo, kianzishi cha pili hakionekani. Ukiona maneno U-Boot SPL halafu kimya, kianzishi cha pili kiko, lakini yule mkubwa ana kasoro au hayupo. Ukiona U-Boot ikihesabu sekunde kisha ikalalamika kwamba haioni faili, shida iko mbele zaidi, kwa Linux au kwa kadi. Na ukikosa herufi yoyote, angalia nyuzi zako kwanza, halafu stima, halafu ndipo ufikirie kwamba MLO iko lakini imeharibika katikati, au chipu imeungua.

Kujenga kianzishi kipya

Tulidhani lazima tumwombe muuzaji faili lake. Kumbe U-Boot ni programu huru. Iko chini ya leseni ya GPL, na leseni hiyo inasema anayekuuzia chombo chenye programu hiyo ndani yake anapaswa kukupa, ukiomba, maandishi ya programu yenyewe, pamoja na mabadiliko aliyoyafanya. Hii si hisani, ni haki yenu. Andikeni barua, mtaje leseni, muweke nakala kwenye faili la kikundi. Sisi tuliandika. Jibu lilichukua muda mrefu, kwa hiyo tulianza na U-Boot ya kawaida ambayo kila mtu anaweza kuipakua, kwa sababu inaijua bodi hii vizuri.

Laptopu ilikuwa na Ubuntu. Kijana aliweka kwanza vyombo vya kazi: kikusanyaji cha chipu za ARM kinachoitwa gcc-arm-linux-gnueabihf, pamoja na make, bison, flex na libssl-dev. Kisha ndani ya folda ya U-Boot akaandika:

export CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabihf-
make am335x_evm_defconfig
make

Mstari wa kwanza unaiambia laptopu isijenge programu ya chipu yake yenyewe bali ya chipu ya bodi. Ukiusahau, itajaribu kupika chakula cha ng'ombe kwa sufuria ya watoto na kazi itakwama. Mstari wa pili unachagua mapendekezo yaliyotayarishwa kwa jamii ya chipu yetu, AM335x. Wa tatu unajenga. Kazi haikuchukua muda mrefu, na mwishoni folda ikawa na MLO na u-boot.img, zote mbili za ujenzi mmoja. Msichanganye MLO ya leo na u-boot.img ya mwaka juzi.

Memori kadi ndogo, kama ya simu, ilitengewa sehemu ya FAT na kuwekwa alama ya kuanzishia. Hapo ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Ndani ya folda ya spl kuna faili jingine, u-boot-spl.bin, na kijana alilinakili hilo akalibadilisha jina kuwa MLO. Skrini ikalia tena C, C, C. Baada ya siku moja aligundua kwamba MLO ni faili lile lile lakini limeongezewa kichwa mbele, kinachoiambia chipu ukubwa wa programu na mahali pa kuiweka. Bila kichwa hicho chipu hailitambui, kama barua isiyo na anwani.

Kosa la pili lilikuwa letu sote. Karibu na mahali pa kadi kuna kitufe kidogo, S2, ambacho ukikishika bodi inaruka memori ya ndani na kuanza kutafuta mahali pengine, kadi ikiwemo. Tulikishika huku tukibonyeza kile cha kuanza upya, mara nyingi, karibu saa nzima, na chai ikapoa. Chipu inaangalia S2 wakati stima inaingia tu. Chomoa stima kabisa, shika S2, chomeka stima, subiri kidogo, achia. Kwa bodi yetu, ambayo memori ya ndani ilikuwa haina kianzishi, ingefika kwenye kadi hata bila kitufe. Lakini kama MLO ya ndani ipo na ni mbovu, bila S2 hutoki.

Tulipoweka MLO ya kweli, maneno U-Boot SPL yakatokea, kisha U-Boot yenyewe, ikahesabu, ikaikuta Linux kwenye memori ya ndani, na taa ya kwanza ikaanza kupiga kama mapigo ya moyo. Hesabu za maji za miezi yote zilikuwepo. Hatuandiki jinsi kina mama walivyoshangilia, mnajua wenyewe.

Kupanga ili yasirudie

Kuamsha ni nusu ya kazi. Kijana aliporudi kuandika kianzishi ndani ya bodi, tulikaa naye tukachagua mambo machache kwenye make menuconfig, na hapa kikundi kizima kinapaswa kuelewa, kwa sababu ni maamuzi ya kikundi.

La kwanza ni sekunde za kusubiri. U-Boot inaweza kusubiri kidogo ili fundi mwenye kebo aingie. Wengine wanaweka hasi mbili, maana yake isisubiri na isimsikilize mtu, kwa kuogopa wezi. Sisi tuliweka tatu. Mwizi wa sanduku juu ya tangi atabeba betri na sola, hatabeba kebo ya kusoma U-Boot. Tukijifungia nje, tutakaoteseka ni sisi. Lakini kama chombo chenu kinabeba pesa au siri za watu, mfikirie tofauti.

La pili ni hesabu ya majaribio. U-Boot inaweza kuhesabu ni mara ngapi imejaribu kuamsha Linux mpya bila kufaulu. Tuliweka kikomo cha mara tatu, bootlimit, na ikizidi hapo inafuata amri ya altbootcmd, ambayo kwetu inaamsha nakala ya zamani ya Linux iliyo sehemu ya pili ya memori. Kuna namna ya kuweka hesabu hiyo kwenye chipu, lakini stima ikikatika kabisa inafutika, na sisi watu wa sola stima hukatika. Tukachagua iandikwe kwenye memori ya kudumu pamoja na maagizo mengine ya U-Boot. Kwa njia hii kuna alama ya upgrade_available: ikiwa sifuri, hesabu haiandikwi. Inawekwa moja wakati wa kubadilisha programu. Linux ikishaamka salama lazima irudishe hesabu kwenye sifuri, la sivyo siku moja chombo kizima kitajiona kigonjwa.

La tatu, maagizo hayo ya U-Boot yawekwe nakala mbili. Moja ikikatika katikati ya kuandikwa, ya pili ipo.

Lakini muangalie vizuri: hesabu hii inalinda Linux tu. MLO yenyewe ikifutika, hakuna wa kuhesabu. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba kianzishi cha pili hakibadilishwi kwa mbali, usiku, na mtu aliye mji mwingine. Kinabadilishwa mtu akiwa hapo, betri imejaa, kadi ya kuamshia iko mkononi. Na kwa kawaida hakihitaji kubadilishwa kabisa. Programu ya kipimo inaweza kubadilika kila mwezi bila kugusa MLO.

Kadi ya kuamshia iko kwenye bahasha ndani ya sanduku la mweka hazina, pamoja na kebo na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili na Kikuyu. Kila miezi mitatu inajaribiwa, maana kadi nazo huchoka.

Sisi tuliofanya kazi vijijini siku nyingi tumeyaona haya katika pampu za mkono. Pampu nyingi zilizoletwa zilisimama kwa kukosa fundi na spea. Ndipo katika miaka ya 1980 pampu ya Afridev ilipotengenezwa, na Kwale ilikuwa moja ya mahali ilipojaribiwa, ikiwa imepangwa wanakijiji waweze kuifungua wenyewe kwa spana moja. Kina mama wa Kwale walijifunza kuitengeneza. Tofauti ya sasa ni kwamba spana yetu ni kebo na kadi, na vyote viwili havifikii bei ya mfuko mmoja wa mbolea.

Kwa kikundi kinachotaka kununua kipimo, au kupewa na mfadhili, tunaomba muandike kwenye mapatano, kabla ya kutia sahihi: maandishi ya programu za kuanzisha yakabidhiwe, pini za kebo zisizibwe gundi, na neno la siri liwe kwa karani pia. Mfadhili akikataa hayo, mwulizeni chombo ni cha nani.

Maswali ya kuzungumza kikundini

Ni vyombo gani katika kikundi chetu ambavyo vikinyamaza leo hatuna wa kuviamsha ila aliyetuuzia? Je, kuna chochote tulichoambiwa kimekufa ambacho hatujakisikiliza kwa kebo? Kijana anayejua kazi hii akipata ajira mbali, nani wa pili anajifunza, na kuna msichana kati yao? Na karani akibadilishwa kwenye uchaguzi wa mwaka, kadi na kebo vitakabidhiwa mbele ya nani?